Chesi Kwanza

Mtu asiyeijua Land Rover ya zamani akiitwa kuiangalia, huanza kwa kufungua boneti. Anayeijua hulala chini. Juu hakuna la kutisha sana: bodi ni ya alumini, haili kutu kama bati la chuma, na gari linaweza kukaa nje miaka hamsini madigadi yake yakapigwa msasa, yakapokea rangi, yakang'aa. Hatari iko kwenye chesi, na chesi ya Land Rover huoza kuanzia ndani. Siku utakayoiona kutu kwa macho, ujue imeshafanya kazi yake miaka mingi.

Sababu yake ni ya kihistoria. Kampuni ya Rover ilipolionyesha gari hili hadharani kwa mara ya kwanza, Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi uitwao Birmabright, tena kwa mikunjo rahisi. Chesi ilibidi iwe ya chuma, ila fedha za mitambo mikubwa ya kukandamiza hazikuwepo. Mafundi wakakata vipande virefu vya bati nene, wakaviunganisha vinne vinne kwa kuchomelea kwenye pembe, ikapatikana boriti yenye uwazi ndani. Ni kazi ya akili sana, maana boriti ya namna hiyo ni ngumu na bado ni nyepesi. Lakini uwazi ule hupokea matope na maji yakakaa humo, na chuma kinachokaa na matope yenye unyevu hakina maisha marefu.

Haya niliyasikia kwa baba kabla sijafahamu maana yake. Aliendesha Land Rover 109 ya idara ya mifugo wilayani Kondoa, na kila aliporudi safari ya masika alichukua nyundo ndogo akaingia uvunguni. Alikuwa anagonga, anasogea, anagonga. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hujibu kwa sauti nzito, ya chini, na nyundo hairudi mkononi. Sisi watoto tulichuchumaa pembeni kusikiliza, naye alikuwa anatuuliza: hapa je? Tulijifunza kujibu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Houston, Texas, kwa ajili ya msiba wa mtu wa kwetu. Katika mazungumzo ya baada ya mazishi, kijana mmoja akataja kwamba upande wa Galveston kuna Mmarekani mzee anauza Land Rover iliyosimama kwenye banda lake tangu zamani. Nilikwenda kesho yake. Ilikuwa Series IIA fupi, ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25, usukani kushoto. Land Rover za Series ziliuzwa Marekani hadi 1974, kisha Land Rover ikaondoka katika soko hilo, isirudi mpaka 1987 kwa kuleta Range Rover. Kwa hiyo huku Texas ukikuta Series, ama imekaa nchini tangu ujana wake, ama imeingizwa baadaye kwa sheria inayoruhusu magari yaliyotimiza miaka 25. Hii ilikuwa imekaa.

Mwenyewe alinionyesha viti, kisha mlango wa nyuma, kisha akaniwashia taa. Nikamwomba ruhusa ya kulala chini na nyundo. Mbele chesi ililia vizuri. Katikati, kwenye mikono inayotoka pembeni kushika ukuta wa mbele, sauti ikaanza kushuka. Nyuma kabisa, kwenye boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya kuvutia, sikuhitaji nyundo tena: bisibisi iliingia hadi kwenye mpini, na nilipoichomoa ikatoka na mchanga mwekundu wa kutu, umelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo. Hewa ya Ghuba ya Meksiko ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na banda bila sakafu ya saruji huvuta maji kutoka ardhini. Gari lilikuwa limeoza likiwa kivulini.

Nililinunua kwa sababu nilijua ni wapi pazima na wapi pabovu. Boriti mbili kuu zilikuwa nzima kwa sehemu kubwa, mishikio ya springi ilikuwa nzima, na namba ya chesi, ambayo kwenye magari haya hugongwa mbele upande wa kulia karibu na mshikio wa springi, ilisomeka vizuri na kulingana na karatasi. Hilo la namba lina uzito. Zipo kampuni Uingereza, Marsland na Richards, zinazotengeneza hadi leo chesi mpya za Series zilizochovywa kwenye zinki, na kuna watu wengi wanaoagiza. Ni chesi nzuri. Lakini ukiitupa ya zamani umetupa na namba iliyogongwa kiwandani, ukajitafutia maswali ofisini. Chesi inayotengenezeka itengenezwe. Ndivyo nilivyolelewa, na sijaona sababu ya kubadilika.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu wanaonunua magari minadani Texas, hasa ndugu zetu wa Kongo, ambao magari ya usukani wa kushoto yanawafaa nyumbani na huyapakia melini. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika baadhi ya maeneo ya kusini-mashariki mwa Texas, na magari yaliyozama yalihesabika kwa mamia ya maelfu. Yalijazwa kwenye viwanja vya mashindano ya magari kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Gari lililozama likikaushwa na kufutwa vizuri huwezi kulitambua kwa kuitazama bodi. Inua zulia. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame kama una mstari wa tope. Kisha ingia uvunguni. Karatasi husema mengi, lakini gari likishapita majimbo mawili matatu karatasi zinaweza kuwa zimesafishwa pia.

Barabara ya I-45 inaanzia Galveston inaishia Dallas, na gari langu liliipanda karibu yote juu ya trela hadi Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, ninapoishi. Mtaa wetu, kama mitaa mingi mipya ya huku, una chama cha wenye nyumba chenye kanuni: gari lisilotembea halikai mbele ya nyumba. Kwa hiyo kila kitu kilifanyika ndani ya gereji, mlango ukiwa umeshushwa nusu. Mtu aliyekaa Kaskazini ya Texas mwezi wa Agosti ananielewa, maana joto la nyuzi 38 huku ni la kawaida. Tena ukichomelea kwa mashine ya waya inayolindwa na gesi, huwezi kuwasha feni, kwa kuwa upepo hupeperusha gesi na mshono unatoka na matundu. Tulifanya kazi alfajiri.

Nasema tulifanya, kwa sababu fundi hasa hakuwa mimi. Kule kule msibani nilikuwa nimekaa karibu na mzee mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Vita vya 1996 vilimvusha Ziwa Tanganyika, akaishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka huo huo katika wilaya ya Kasulu, Kigoma, na akakaa humo miaka ambayo watoto wake walizaliwa, wakasoma, wakaoa. Texas ni moja ya majimbo yaliyopokea wakimbizi wengi zaidi Marekani, na mzee aliletwa Houston. Nilipomkuta alikuwa anapakua maboksi ghalani usiku. Uvira alikuwa fundi wa bodi na chesi za malori. Kambini, bila umeme wa kutegemea, alikunja makopo ya mafuta ya msaada kuwa majiko na kutengeneza matoroli kwa mabaki ya vyuma. Nilipomweleza kuhusu Land Rover, aliuliza swali moja tu: "Mishikio ya springi iko salama?" Nikamjibu iko salama. Akasema atakuja.

Alikuja kwa basi, mwisho wa juma aliopewa mapumziko, na alirudi mara nyingi baada ya hapo. Siku ya kwanza hakugusa mashine. Alizunguka gari, akaketi kwenye ndoo, akaniagiza nilete chuma cha pembe. Kabla ya kukata kitu chochote, tulifunga vyuma vya kushikilia kutoka mlango hadi mlango na kutoka ukuta wa mbele hadi sakafu, ili bodi isilegee tutakapoondoa mikono iliyoibeba. Watu wengi huanza na grainda. Wakishakata pande zote mbili, hakuna tena cha kuwaonyesha kitu kilikuwa wapi, na milango haitafunga vizuri maisha yake yote. Mzee alikuwa na kanuni: mkono mmoja utoke, mpya uingie, ushike, ndipo uguse wa pili.

Mikono ilipokwisha kubadilishwa, tukaifungua bodi. Uzuri wa Land Rover ni kwamba yote imefungwa kwa bolti na ribiti: madigadi yanatoka, paa linatoka, na boksi la nyuma wanaume wanne wanalibeba. Majirani zangu, wawili wa Meksiko na mmoja wa Nijeria, walilibeba nasi hadi ukutani. Chesi ikabaki uchi juu ya stendi.

Sasa ikaja kazi ya kuisawazisha. Sakafu ya gereji za huku ina mwinamo kuelekea mlangoni ili maji yatoke, kwa hiyo huwezi kuiamini. Nilikuwa na kifaa cha leza nilichoazima. Mzee alikitazama kwa heshima, akaniuliza kama nina mpira mwembamba unaoonyesha maji. Kila mwashi wa Afrika Mashariki anaujua mpira wa maji: unaujaza maji bila kuacha viputo, unashika ncha moja hapa na nyingine kule, na usawa wa maji hauwezi kudanganya. Tulipita nao pembe zote nne za chesi, tukiweka vipande vya bati chini ya stendi mpaka maji yakakaa sawa. Kisha tukapima mshazari, kutoka tundu la springi la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesi ina pembe mraba. Vikitofautiana, gari litakwenda upande kama mbwa akimbiavyo. Vyetu vilipishana kwa milimita mbili, na mzee akasema kiwandani kwenyewe walifanya vibaya zaidi.

Boriti ya nyuma tuliikata yote. Mahali pa kukatia hapachaguliwi kwa kuangalia kutu inapoishia. Unakwenda mbele zaidi, mpaka chuma kinachong'aa chenye unene wake kamili, karibu milimita mbili. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu, nayo itaendelea kula pembeni ya mshono wako, na mara nyingi kwa kasi zaidi. Ndani ya boriti tulikuta tope lililokauka, gumu. Tuliligonga, tukalivuta kwa waya, tukaosha kwa maji ya kasi, tukakausha kwa hewa.

Mashine yangu ilikuwa ya waya. Mzee alijifunza kuitumia asubuhi moja, ingawa mkono wake ulizoea vijiti. Alichonifundisha kinahusu mashine zote. Joto huvuta chuma. Ukianza mshono upande mmoja ukaumaliza kwa mstari mmoja, sehemu ile ikipoa inajikunja, na vipimo vyote ulivyohangaikia vimekwenda. Kwa hiyo unapiga nukta hapa, unahamia upande wa pili, unarudi chini, unaacha kipoe mpaka uweze kukishika kwa mkono. "Pole pole, mwana," alikuwa anasema kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Chuma inasikia moto." Kila baada ya sehemu tulirudi kwenye mshazari. Nilitamani kumaliza. Yeye aliweka kifuniko cha uso chini, akanywa chai, akangoja.

Kuhusu kuzuia kutu isirudi, kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuichovya chesi yote kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Texas ina viwanda vingi vya kazi hiyo kwa ajili ya mafuta, gesi na nguzo za umeme; AZZ, moja ya kampuni kubwa za Marekani katika shughuli hii, ina makao makuu Fort Worth. Ukiamua njia hii, toboa matundu ya kuingiza na kutoa zinki, maana boriti iliyozibwa yenye maji ndani inaweza kulipuka ikizamishwa. Na usichomelee tena juu ya zinki bila kuiondoa kwanza na kuwa na hewa ya kutosha: moshi wake huleta homa kali. Ya pili ndiyo tuliyoifuata, kwa sababu chesi yetu ilikuwa na viungo vya kale na vipya na niliogopa joto lisiipinde: praima yenye zinki nyingi nje, rangi ngumu juu yake, na nta nyembamba iliyopulizwa ndani ya boriti kwa mrija mrefu mpaka ikatokeza kwenye matundu ya kutolea maji. Nta hiyo hurudiwa. Ni kazi ya kila baada ya miaka michache, na asiye tayari kuirudia achovye zinki.

Alumini nayo ina ugonjwa wake. Haishiki kutu nyekundu, ila ikigusana na chuma penye unyevu na chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Kila palipokuwa na bolti ya chuma tulikuta unga mweupe na bati limekuwa jembamba. Tuliweka utepe wa mpira kila panapokutana madini mawili, na grisi kwenye kila bolti. Ni kitu cha dola chache ambacho kiwandani kwa Land Rover, Solihull, hawakukiweka.

Digadi la kushoto lilikuwa limebonyea vibaya. Nilipolipiga kwa nyundo ya mbao lilianza kuwa gumu na kuonyesha nyufa, kwa kuwa alumini ikigongwa sana hukakamaa. Mzee akauliza kama nina sabuni ya mche. Mke wangu huinunua kwenye duka la Waafrika, kipande kikubwa cha kufulia. Akaisugua juu ya bati kavu mpaka ukabaki utando mwembamba, akawasha gesi, akapitisha mwali polepole kwa mbali. Utando ukageuka manjano, kisha kahawia, kisha ukakaribia weusi. Hapo akaondoa moto. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, haikupi onyo. Sabuni ndiyo inayokupa. Alipoigusa nyundo tena, bati lilikuwa laini, likafuata mkono. Binti yangu aliyekuwa ameshika taa aliomba ajaribu upande wa pili, na mzee akampa.

Rangi nitaisema kwa ufupi, maana ndiyo kila mtu anayoiulizia na ndiyo inayohitaji maelezo machache zaidi. Alumini inataka praima yake maalumu inayouma bati, la sivyo rangi yote itabanduka. Barakoa iwe ya hewa halisi, kwa kuwa rangi za siku hizi zenye kikausho hudhuru mapafu. Tulipaka kijani cha kale cha Land Rover na paa la rangi ya krimu. Vipuri vilivyobaki tulivitafuta kwa posta, na clampu zangu nzito nilizipata Pate Swap Meet, gulio la vipuri linalojaza uwanja wa Texas Motor Speedway, Fort Worth, kila Aprili. Gari sasa lina namba za magari ya kale, ambazo Texas huyapa magari yenye miaka 25 au zaidi. Ni namba za maonyesho, gwaride na shughuli za vyama. Si za kwendea kazini.

Oktoba 2024 Arusha walikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lao, na nilipoona picha nilijua kwamba karibu kila gari la zamani pale limesimama kwa sababu kuna mtu aliyejua kugonga chesi na kusikiliza. Mtu wa namna hiyo huku yupo. Yupo Vickery Meadow Dallas, yupo kusini-magharibi ya Houston, yupo Fort Worth. Anapakua maboksi, anakata kuku, anasafisha ofisi usiku, na hakuna anayemuuliza alikuwa nani. Kiingereza hakimtoki, na yeye mwenyewe ameshaamini kwamba bila cheti ujuzi wake haupo. Hilo linaniuma kuliko chesi yoyote iliyooza.

Na njia ipo. American Welding Society, chama cha wachomeleaji cha Marekani kilichoanzishwa 1919, kina mtihani wa vitendo usiouliza ulisoma wapi. Unapewa vipande vya chuma, unavichomelea kwa namna iliyoelekezwa, kisha mkaguzi anakagua mshono na sampuli hukatwa na kukunjwa waone kama utapasuka. Usipopasuka, umefaulu. Mzee alifanya mtihani huo Houston. Binti yake alimtafsiria maelekezo usiku uliotangulia, mimi nikalipa ada, na leo anachomelea mabomba mchana, upande wa Ship Channel, mfereji wa meli wa Houston, na usiku analala.

Ukiwa na mzee kama huyu kwenye jengo lenu au kanisani au msikitini kwenu, muulize alikuwa anafanya kazi gani nyumbani. Akikwambia fundi, tafuta kituo cha mtihani kilicho karibu, mjazie fomu, mfasirie, mpeleke kwa gari lako.